Jinsi ya kujichora sura yako kwa mtindo wa Charley Toorop, hapahapa Bagamoyo

Wachoraji wengi hapa Bagamoyo tukichora sura ya mtu tunaipamba utadhani picha ya harusi, ngozi laini, kunyanzi hamna. Kama umezichoka hizo jaribu za Charley Toorop, mama mchoraji wa Kiholanzi (1891–1955), alijichora mara nyingi sana tangu ujana mpaka uzeeni na hakujipendelea hata kidogo.

Kubwa kuliko yote ni mwanga. Ule wa jioni barazani wa kupigia selfi achana nao, ingia ndani, funga dirisha, washa balbu moja kali ubavuni, juu kidogo ya kichwa, mpaka mfupa wa shavu na mkunjo wa paji la uso vijitokeze, maana sura zake zinaonekana kama zimemulikwa na taa za filamu, na mwanae John kweli alikuwa kameramani, alifanya kazi na Joris Ivens, mtengeneza filamu wa Kiholanzi.

Kioo kiwe kikubwa, usawa wa macho. Usitabasamu! Mama yule kwenye picha zake anakukodolea macho mpaka unaona haya wewe.

Ubao chukua hadibodi tu, upake rangi nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili, ikikauka pitisha msasa. Rangi za mafuta za tyubu ni ghali, ila za makopo wanazotumia wachoraji wa Tingatinga zinang'aa mno na zinakauka haraka, kwa kazi hii mi sizipendi. Kichwa kijaze ubao. Na rangi za ngozi yake usiziige, sisi weusi kivuli changanya kahawia na bluu iliyokoza, nyeusi tupu inaua sura, halafu pale balbu inapogonga puani weka chungwa kidogo.

Usiwe na haraka. Ile "Vizazi Vitatu" iliyopo makumbusho ya Boijmans, Rotterdam, aliianza 1941 akaimaliza 1950: yeye na brashi mkononi, mwanae Edgar ambaye naye mchoraji, na baba yake Jan Toorop, mzaliwa wa Java, aliyekuwa keshafariki tangu 1928. Baba kamchora kama sanamu ya kichwa, hakujifanya yupo hai. Nawe ukitaka kumtia babu aliyetangulia, ichore ile picha yake ya ukutani kama ilivyo, na fremu yake, na doa la maji kama lipo.