Nyumba moja, siku nzima: kuwapeleka Lamu wanafunzi wa usanifu wa ndani

Safari ya kwanza niliyoiongoza tulipita nyumba sita kwa siku moja. Wanafunzi walirudi na picha tele, ila hakuna aliyeweza kuniambia dari ilikuwa na kimo gani. Tangu hapo nachagua nyumba moja tu.

Hatua ya 1. Omba ruhusa mapema. Jumba la makumbusho la Nyumba ya Waswahili, katika Mji wa Kale, lafaa kuanzia. Kama ni nyumba wanamoishi watu, mweleze mwenyewe mko wangapi na mtakaa muda gani. Wanane wanatosha.

Hatua ya 2. Futi za kupimia zibaki mikobani. Kaeni kwanza kwenye baraza za daka, yaani ukumbi wa mlangoni, robo saa, kimya. Kisha ingieni polepole: kiwanda (ua wa katikati ya nyumba), misana (vyumba virefu vinavyofuata ua), kisha ndani, chumba cha faragha. Kila mmoja aandike mwanga ulififia wapi, sakafu iliinuka wapi, na mgeni angeishia wapi. Faragha haifundishiki darasani kama inavyofundishika hapo.

Hatua ya 3. Sasa pimeni, mkianza na upana wa chumba. Watakuta ni chembamba, kama mita 2.5 hadi 3, ingawa urefu wake ni mkubwa. Watauliza kwa nini. Usijibu! Waambie watazame juu, wahesabu boriti. Zile ni nguzo za mkoko, na kwa dari nzito ya mawe na chokaa haziwezi kuvuka nafasi pana zaidi. Mwanafunzi akiligundua hilo mwenyewe, ataanza kuuliza kila chumba anachokichora kinabebwa na nini.

Hatua ya 4. Mpe kila mmoja kidaka kimoja (kishubaka cha ukutani chenye nakshi za lipu) akichore kwa mkono, skeli ya 1:5, pamoja na kina chake. Asikiguse, maana lipu ya zamani hubanduka. Amulike tochi ya simu kwa ubavu, sambamba na ukuta: nakshi iliyoonekana bapa itainuka, na mikwaruzo ya kisu cha fundi itajitokeza kwenye kivuli. Hapa nawapa saa mbili nzima, wala siwaharakishi.

Hatua ya 5. Alasiri, mwalikeni fundi wa chokaa wa mjini aikosoe michoro. Mlipe kama unavyomlipa mhadhiri mgeni.

Kabla ya kupanda boti ya kurudi Mokowe, upande wa bara, mwachieni mwenye nyumba nakala ya michoro.