Namna ya kuandaa kishikwambi kwa mwanafunzi mwenye uoni hafifu (na ile sauti ya Kiswahili iliyonila wikiendi nzima)

Wiki mbili zilizopita mwalimu mwenzangu wa shule ya jirani alinipigia simu. Amepokea mtoto mwenye ualbino darasa la nne, anacho kile kishikwambi chake, vile tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, na hajui aanzie wapi. Nikaenda Jumamosi, tukakaa, kufikia saa nane mchana tumemaliza. Mimi mwenyewe mara ya kwanza ilinichukua karibu mwezi, maana nilianza kwa kupakua kila programu iliyoandikwa kwamba ni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Nilizifuta zote. Karibu kila kitu utakachohitaji kimeshawekwa ndani ya Android, kimefichwa tu.

Mwongozo huu ni wa mtoto anayeona kidogo. Asiyeona kabisa anahitaji kishikwambi kinachozungumza kila kitu na anahitaji nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole, na hiyo ni kazi nyingine.

Halafu suala la miwani. Utaambiwa "mpeleke akapimwe, yataisha." Apimwe, naam. Lakini kwa mtoto mwenye ualbino, ile sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho) inayoona vitu vidogo haikukua kikamilifu, na mara nyingi macho yenyewe huchezacheza bila yeye kutaka. Miwani humsaidia ila haimalizi tatizo. Mwanga mkali nao humuumiza. Yote yanayofuata yanatokana na hayo.

Hatua ya 1: Mkalishe mtoto mbele ya kishikwambi

Usikiandae nyumbani peke yako ukamletea kama zawadi. Nilifanya hivyo, nikaweka maandishi makubwa kupita kiasi, maneno matatu yakajaa kioo kizima, binti wa watu akawa anasogeza kidole kuliko anavyosoma.

Andika sentensi moja kwa ukubwa mbalimbali, umpe asome kwa sauti, nawe tazama pua yake iko umbali gani na kioo. Ukubwa unaofaa ni ule anaosoma bila kukwama baada ya dakika kumi, maana dakika ya kwanza kila mtoto hujikaza ili akufurahishe. Na akiinamisha kichwa upande mmoja, usimwambie akae sawa. Wengi wenye macho ya kuchezacheza wana pembe moja ambapo macho hutulia, na kichwa kimeshaitafuta.

Hatua ya 2: Ruhusa

Mwalimu mkuu ajue, mzazi ajue, kishikwambi kilale ofisini. Shule zetu haziruhusu simu kwa wanafunzi, kwa hiyo ieleweke mapema kwamba hiki ni kifaa cha kusomea na kiko chini yako.

Hatua ya 3: Maandishi, rangi na mwanga

Fungua Mipangilio, nenda Ufikivu. Kwenye baadhi ya vifaa vilivyowekwa Kiswahili sehemu hiyo imeandikwa kwa jina refu, "Zana za walio na matatizo ya kuona au kusikia". Ongeza ukubwa wa maandishi, weka herufi nene kama kipengele kipo, kisha washa mandhari meusi ili maandishi meupe yakae juu ya weusi. Karibu watoto wote niliowasaidia walichagua weusi wenyewe, kwa sababu ukurasa mweupe unawamulika machoni kama tochi.

Kipo pia kipengele cha kugeuza rangi zote. Mimi sikipendi. Kinageuza na picha, na siku ya kusoma mfumo wa damu utakuta mishipa myekundu imekuwa ya kijani-bluu. Kama mandhari meusi yanatosha, acha hapo.

Zima mwanga unaojirekebisha wenyewe. Refusha muda wa kioo kuzimika hadi dakika kumi. Funga mzunguko wa kioo, la sivyo kila akiinamisha kishikwambi kufuata kichwa chake ukurasa unageuka.

Ukuzaji wa kioo, ule wa kugusa mara tatu, uwashe lakini kwa kile kitufe kidogo kinachoelea pembeni ya kioo, si kwa kugusa mara tatu. Ukiweka kugusa mara tatu, kishikwambi husubiri kila unapogusa kijue kama kuna mguso mwingine, na kila kitu kinakuwa kizito.

Hatua ya 4: Ubao

Hapa ndipo kishikwambi kinapolipa. Mtoto mwenye uoni hafifu hata akikaa dawati la mbele kabisa huandika kwa kusikiliza na kwa kunakili daftari la jirani, makosa ya jirani yakiwemo. Binti ninayemfundisha darasa la tano alikuwa ameandika "usanisinuru" kama "usanisi nuru wa Juma" kwa sababu Juma lilikuwa jina lililoandikwa pembeni ya daftari alilonakili.

Wengine hupendekeza mtoto ashike kishikwambi, aelekeze kamera ubaoni na kukuza moja kwa moja. Jaribuni, mtaona mkono unavyochoka. Picha ukiikuza inatetemeka, na macho nayo yanatetemeka. Piga picha, kisha akuze picha iliyotulia mbele ya uso wake.

Mwalimu ndiye apige, au mwanafunzi mmoja wa zamu, mara tu sehemu ya ubao inapojaa na kabla ya kufutwa. Simama karibu, hatua mbili tatu. Gawa ubao vipande viwili au vitatu, kila kipande picha yake. Picha moja ya ubao mzima ukiikuza inakuwa ukungu. Ubao wetu unang'aa upande wa dirisha, basi usisimame katikati, sogea kidogo pembeni mpaka ule mng'ao utoke kwenye maandishi. Na futa lenzi. Vumbi la chaki linakaa pale hulioni, kwa wiki mbili nililaumu kamera mbovu kumbe ni kidole changu chenye chaki.

Kaa chonjo na wanafunzi wengine wasiingie kwenye picha. Ijumaa futeni picha za wiki, pamoja naye, baada ya kuhakikisha ameshanakili.

Picha haikuondolei kazi ya kusoma kwa sauti unachoandika. Endelea kusoma. Na usimweke akitazamana na dirisha, wala dirisha lisiwe mgongoni kwake maana litaakisi kwenye kioo. Liwe ubavuni.

Hatua ya 5: Vitabu

Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana kwenye maktaba yao ya mtandaoni, na hilo ni jambo jema. Shida ni PDF. Ukurasa wa PDF umegandishwa: ukiukuza, mstari unatoka nje ya kioo, mtoto anasogeza kulia asome, anarudi kushoto, ameshapotea yuko mstari gani.

Bonyeza neno moja kwa muda. Likichaguliwa, basi ni maandishi halisi. Nakili aya unazofundisha wiki hiyo, zibandike kwenye hati ya kawaida, kuza herufi, mistari ijipange yenyewe kwa upana wa kioo. Lisipochaguliwa, ukurasa ule ni picha, laza kishikwambi kwa upana na mvumilie. Aya muhimu mimi huzichapa mwenyewe ninapoandaa andalio la somo.

Hatua ya 6: Sauti ya Kiswahili

Keti vizuri.

Kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. TalkBack husoma kila kitu kinachoguswa na hubadilisha namna ya kugusa: unagusa mara moja kusikia, mara mbili kufungua. Ni ya asiyeona. Mimi niliiwasha kwa mtoto anayeona kidogo, kisha nikashindwa kuizima, nikazunguka nayo saa nzima nikidhani kishikwambi cha serikali nimekiua. Ikikupata, shikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja sekunde chache, mara nyingi itazimika. Unachohitaji wewe kinaitwa Select to Speak, kipo palepale kwenye Ufikivu. Kinaweka kitufe kidogo pembeni. Unabonyeza kitufe, unagusa aya, inasomwa. Macho yakichoka, na huchoka haraka, masikio yanapokea kijiti.

Basi nikawasha Ijumaa jioni nyumbani, nikagusa aya ya sayansi. Likasoma jizungu! "Mimea hutengeneza chakula chake" ilitoka kama mtu anayetafuta njia ya kwenda uwanja wa ndege. Nikahangaika Jumamosi yote, Jumapili mchana likakubali: Kiswahili safi. Jumatatu darasani, kimya. Binti akanitazama, akasema, "Mwalimu, leo limegoma kama jenereta." Jioni nyumbani, likasoma tena.

Tofauti ya nyumbani na shuleni ilikuwa intaneti. Sauti niliyokuwa nasikia nyumbani ilikuwa inaletwa kwa mtandao, haikuwa imepakuliwa. Kwa hiyo fuata mpangilio huu, usiruke kitu.

Kwanza injini, yaani ile programu inayogeuza maandishi kuwa sauti. Tafuta ndani ya Mipangilio sehemu ya kusoma maandishi kwa sauti, mara nyingi iko chini ya lugha au humohumo kwenye Ufikivu. Utaona injini inayotumika. Vifaa vingine huja na injini ya mtengenezaji isiyo na Kiswahili, na hapo utahangaika bure mpaka kesho. Chagua Speech Services by Google (siku hizi huandikwa pia Speech Recognition & Synthesis), na kabla ya hapo isasishe kupitia Play Store.

Pili lugha. Kama kishikwambi chenyewe kiko kwa Kiingereza na hapa umeacha "lugha ya mfumo", ndipo lile jizungu linapotoka. Chagua Kiswahili kwa mkono. Kwenye orodha usitafute Tanzania. Mimi nimekikuta kimeandikwa Kiswahili cha Kenya, na watoto wanakielewa bila shida.

Tatu, na hapa ndipo wikiendi yangu ilipozama: bonyeza alama ya gurudumu la meno iliyo kando ya jina la injini, ingia kwenye kuweka data ya sauti, fungua Kiswahili, upakue. Kuona Kiswahili kwenye orodha si kuwa nacho. Subiri mpaka alama ya kupakua iondoke. Fanya hivyo mahali penye mtandao imara, bando la kukatikakatika huacha sauti nusu na haikwambii.

Nne, washa hali ya ndegeni, zima kishikwambi, kiwashe, kisha gusa aya ambayo hujawahi kuisomesha. Ikisoma hapo, itasoma na shuleni. Bila jaribio hili usiondoke nyumbani.

Tano, punguza kasi. Kasi inayokuja nayo ni ya mtangazaji wa mpira.

Sasa kasoro zake. Kipindi cha Kiingereza, sauti ya Kiswahili itasoma Kiingereza na darasa zima litacheka. Unaweza kubadili lugha kabla ya kipindi, mimi nimechoka, Kiingereza tunasoma pamoja kwa macho. Hesabu usiitegemee, sehemu na vipeo huvisoma ovyo. Mwandiko wangu wa chaki kwenye picha haijawahi kuusoma, na sijui walimu wangapi mwandiko wao ungesomeka. Na kila kishikwambi kinaposasishwa, rudia jaribio la hali ya ndegeni. Changu kiliwahi kurudi kwenye injini ya mtengenezaji chenyewe.

Kama injini ya Google imegoma kabisa, weka eSpeak NG. Ni ya bure, ndogo, inasoma Kiswahili bila mtandao. Sauti yake ni ya bati, lakini mtoto huzoea baada ya siku mbili, na mimi naiweka kwenye kila kishikwambi kama akiba.

Hatua ya 7: Darasani

Hedifoni sikio moja tu, lingine libaki kwako. Tumia kipengele cha kubandika programu ili asitoke kwenye kitabu kwa bahati mbaya. Chaji usiku, pawabenki kwenye mkoba.

Siku mbili kwa wiki asome karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa, bila kishikwambi. Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi zenye maandishi yaliyokuzwa, na siku hiyo kishikwambi kitakuwa kabatini kwako.

Wiki ya kwanza wenzake watamzonga. Niliwafukuza, wakazidi. Kwa yule mwalimu wa jirani tulifanya vingine: kipindi kizima cha kwanza, kila mtoto akiguse kile kitufe na kusikiliza aya moja, kwa foleni, mwenye kishikwambi akiwa ndiye fundi wa kuwaelekeza. Kufikia Alhamisi, ameniambia, kengele ikilia wote wanakimbilia mpira na hakuna anayekitazama.