Namna ya Kugharamia Masomo ya Afya Unaporudi Chuoni Ukiwa na Familia

Mtu mzima mwenye kazi na watoto anapoamua kurudi darasani nchini Tanzania ili awe muuguzi, tabibu au mtaalamu wa maabara, kwa kawaida huanza kwa kuulizia mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kwa maoni yangu hilo ni jambo la kuulizia baadaye, kwa sababu mkopo huo umewekwa zaidi kwa ajili ya kijana aliyemaliza shule karibuni. Miongozo ya Bodi imekuwa ikitaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 35, asiwe na ajira yenye mshahara, na awe amehitimu sekondari au stashahada ndani ya miaka 5 iliyopita. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi hukopesha pia wanafunzi wa stashahada, lakini ni wa kozi za kipaumbele tu, wala si kila kozi ya afya imo. Soma mwongozo wa mwaka unaoomba. Ukikidhi masharti, omba, ila usiache kazi kwa kuutegemea.

Anza na cheti chako cha kidato cha nne. Kozi nyingi za afya zinadai ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia, na aliyesoma masomo ya sanaa hana njia ya mkato. Anaweza kurudia masomo hayo akiwa mtahiniwa wa kujitegemea huku bado anapokea mshahara, na huo ndio wakati ambao masomo yatamgharimu kidogo kuliko wakati mwingine wowote.

Kisha pitia kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, yaani baraza la taifa linalosimamia vyuo vya elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, ambacho huonyesha ada ya kila chuo, na uombe fomu ya maelekezo ya kujiunga kutoka chuo unachokitaka. Isome mstari kwa mstari ukiwa na kalamu mkononi: ada ya masomo, malazi, mitihani, bima ya afya, ada ya udhibiti ubora, sare, viatu vyeusi, stetoskopu, mashine ya kupimia shinikizo la damu. Halafu ongeza kile ambacho mara nyingi hakiandikwi, yaani nauli, chakula na pango wakati wa mafunzo kwa vitendo, kwa kuwa unaweza kupangiwa hospitali ya wilaya iliyo mbali na chuo na mbali na nyumbani. Zidisha hesabu hiyo kwa miaka yote ya kozi, ambayo kwa stashahada ni 3, kisha ujumlishe matumizi ya nyumbani ambayo mshahara wako ulikuwa ukiyabeba. Hesabu hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko ada, nayo inapaswa kujadiliwa na mwenzi wako na wazazi kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi.

Fedha zenyewe zitatoka sehemu kadhaa. Ikiwa kazini kwenu kuna SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, jiunge mapema na uongeze akiba, kwa kuwa nyingi hukopesha kwa kuzidisha akiba ya mwanachama, na marejesho ni mepesi mshahara ungali unaingia. Muulize mhasibu wa chuo kama ada hulipwa kwa awamu, na upate jibu lake kwa maandishi. Mwajiri wako akiwa ni hospitali au zahanati, mwombe ruhusa ya masomo badala ya kujiuzulu. Pia kumbuka kwamba fao la kukosa ajira la mifuko ya hifadhi ya jamii halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake.

Mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu haina riba, lakini ni ya biashara, si ya ada. Inaweza kumfaa mwenzi wako aendeshe mradi utakaolisha nyumba. Mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, iepuke kabisa, hata wiki ya mitihani ikikukuta na deni la ada: nenda kwa mkuu wa chuo, uombe muda.

Mwisho, tenga fedha za miezi ya baada ya kuhitimu. Muuguzi, kwa mfano, hufanya kwanza mtihani wa usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga kabla ya kupewa leseni, na ajira yenyewe inaweza kuchelewa zaidi ya hapo.