Umegusa uvimbe kwenye titi? Utie alama kabla ya kwenda kupimwa

Hili nimeelekezwa na mpimaji wa ultrasaundi. Ukigusa uvimbe kwenye titi, uzungushie duara kwa kalamu ya wino mzito (ya kawaida hufutika kwa jasho), kisha andika kama uliupata umesimama au umelala, na tarehe ya hedhi yako ya mwisho. Ukilala kitandani kwa daktari titi hutandazika na uvimbe huweza kukwepa vidole. Alama humpeleka pale pale. Tarehe nayo ina kazi: vifuko vya maji, ambavyo huwapata zaidi wanawake wa miaka 35 hadi 50, mara nyingi huvimba na kuuma kabla ya hedhi, kisha hunywea ikipita. Ila alama haikwambii ni nini. Vidole, hata vya daktari bingwa, havitofautishi maji na nyama kwa uhakika. Ultrasaundi ndiyo huona, na shaka ikibaki huchomwa sindano ya kuvuta sampuli ikapimwe. Na usingoje mzunguko upite kama umeshakoma hedhi, ngozi imebonyea, chuchu inatoa damu au kuna uvimbe kwapani: nenda wiki hiyo hiyo. Kutouma kusikutulize, saratani nyingi za titi huanza bila maumivu.