Moto kazini: ya kuzingatia kabla haujawaka

Kwanza yale mepesi. Nambari ya zimamoto ni 114; ibandikeni jikoni, mapokezi na kibandani kwa mlinzi. Mtungi wa kuzimia moto utundikwe mkono unapofika, si nyuma ya kreti za soda. Mshale wa mtungi wa unga uwe kwenye kijani. Ule wa kaboni dayoksaidi hauna mshale, hupimwa kwa uzito, basi mwiteni fundi. Mlango wa nyuma usitiwe kufuli watu wakiwa ndani, hata kama tajiri anaogopa wizi. Mafuta ya karai yakishika moto, maji marufuku: zima jiko, funika kwa sinia. Mkisikia harufu ya gesi, msiguse swichi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini. Fungueni milango mtoke.

Mlioko Mji Mkongwe, gari la zimamoto halipiti vichochoroni. Mchagueni mapema mtu wa kwenda kusimama barabarani kuwapokea, la sivyo watabaki kuulizia njia. Mlioko Nungwi au Paje mna makuti, na kaskazi ikivuma kati ya Disemba na Machi, cheche hairukii paa moja tu. Jiko la kuchomea samaki likae pale ambapo upepo hautapeleka cheche kwenye paa.

Sasa hili linalodharauliwa: daftari la walioko kazini. Katika hoteli moja ya pwani niliyofanyia kazi, stoo ilishika moto alasiri. Tulitoka sote, wageni na wafanyakazi, hakuna aliyepata hata mchubuko. Mara mtu akauliza, "Yule kibarua wa leo yuko wapi?" Kijana alikuja asubuhi kubeba maji, jina lake halikuandikwa popote. Huyu anasema kamwona stoo, yule anasema kaondoka. Mpishi mmoja hakungoja, akarudi ndani. Alitolewa akiburutwa, nyusi zimeungua, anakohoa makohozi meusi, akalazwa. Kibarua mwenyewe akaja taratibu kutoka msikitini, mikono ya shati bado imekunjwa kwa udhu, akauliza kuna nini.

Kwa hiyo daftari likae langoni. Aandikwe kila anayeingia: kibarua, fundi wa AC, muuza pweza. Anayetoka, hata kwa swala, atiwe alama. Moto ukizuka, mlinzi atoke nalo, aite majina mahali mlipokubaliana kukutana, mbali na njia ya moshi. Asiyeitikia, jina lake wapewe zimamoto. Wao wana vifaa vya kupumulia. Nyinyi mna kanga na ushujaa.

Zoezi lifanyeni usiku pia, taa zimezimwa, maana umeme ndio wa mwanzo kuondoka. Jenereta ipoe kabla ya kutiwa petroli, na madumu yasikae ubavuni pake. Waya za mapambo ya harusi, dawa ya mbu ya kuzunguka, chetezo cha udi pale mapokezi chini ya pazia, hivyo navyo vitazameni kabla ya kufunga.