Kuchimba Mabaki ya Kale Kabla ya Msingi Kuwekwa

Nchini Uingereza, tangu mwongozo wa mipango wa mwaka 1990, anayeomba kibali cha kujenga mahali panapodhaniwa kuwa na mabaki ya kale huweza kutakiwa kuugharimia uchimbaji wa mabaki hayo mwenyewe. Kazi huanzia kwenye ramani na picha za angani, kisha huchimbwa mitaro ya majaribio, mara nyingi yenye urefu wa mita 30 hivi.

Mtambo wa kuchimbia uwekewe ndoo pana isiyo na meno, kwani meno huuchana udongo na kuvuruga rangi zake, na rangi ndiyo utakayoisoma. Shimo la nguzo ya nyumba ya Enzi ya Chuma, ambayo mti wake umeshaoza zaidi ya miaka 2,000, huonekana kama duara jeusi ndani ya changarawe ya manjano, nalo hufifia upesi likikauka juani; likwanguliwe kwa mwiko wa mwashi, lichorewe ukingo na kupewa namba siku hiyo hiyo.

Kisha chimba nusu yake tu. Nusu ya pili iachwe imesimama, uso wake uchongwe wima, ili tabaka zionekane zilivyolaliana. Kila tabaka lipewe namba yake, lipigwe picha na kuchorwa, ndipo umalizie nusu iliyobaki. Handaki la kale nalo hukatwa vivyo hivyo, kipande kwa kipande. Wageni wa kazi hii hukimbilia kuchomoa kigae kinachong'aa, yaani kipande cha chombo cha udongo, na hapo ndipo hasara huingia: kigae chekundu cha Kirumi kikiwa chini kabisa, handaki lote lilijaa baada ya chombo hicho kutengenezwa, lakini kikiwa tabaka la juu, yaliyo chini yake yanaweza kuwa ya kale zaidi kwa karne nyingi.

Penye majimaji, mti usiachwe ukauke hata kwa saa moja. Katika kiwanja cha ujenzi cha kampuni ya Bloomberg jijini London, tope lisilopitisha hewa lilihifadhi vibao zaidi ya 400 vya kuandikia vya Kirumi, kimoja kikiwa na tarehe ya 8 Januari mwaka 57 BK. Mifupa ya binadamu ikijitokeza, simamisha kazi mpaka kibali kipatikane.

Mjenzi akabidhiwe sehemu zilizokwisha kuchorwa na kuchukuliwa sampuli za udongo tu, na zilizobaki zizungushiwe uzio, kwa sababu dereva wa mtambo hatalitambua duara jeusi akiwa kitini.