Tengeneza mfano wa fuwele ya chumvi kwa plastisini

Nafundisha kemia twisheni hapa Temeke, na kidato cha tano hukwama palepale kila mwaka: mchoro wa fuwele ya chumvi una mipira 27, ilhali fomula, NaCl, inasema sodiamu moja kwa kloridi moja. Kukariri hakusaidii. Itengeneze, uishike.

Nunua Kariakoo plastisini ya rangi mbili na vijiti vya meno. Nusu kipenyo cha ayoni (chembe yenye chaji) ya kloridi ni pikomita 181, cha sodiamu 102. Basi, kwa kipimo cha milimita moja kwa kila pikomita 10, viringisha mipira 14 ya kloridi yenye kipenyo cha milimita 36, na 13 ya sodiamu yenye milimita 20. Tafadhali usiifanye yote saizi moja. Ukubwa ndio unaoamua sodiamu izungukwe na kloridi 6.

Tabaka la chini: kloridi kwenye kona 4 na moja katikati, sodiamu kati ya kona na kona. Tabaka la pili geuza, sodiamu zishike kona na katikati. La tatu rudia la kwanza. Kazi hii ifanye jioni, maana joto la mchana wa Dar hulegeza plastisini na mipira inabonyea. Shikiza kwa vipande vya vijiti, kisha pima ukingo kutoka kitovu cha kloridi ya kona hadi cha mwenzake. Utapata kama milimita 56. Kwenye chumvi yenyewe ni pikomita 564. Angalia pia mshazari wa uso: kloridi hazigusani, zimeachana kama milimita 4.

Sasa hesabu, na hapa usiharakishe. Uso wa mchemraba ni kama ukuta wa vyumba vya kupanga: nusu yako, nusu ya jirani. Mpira wa ukingoni una wenyewe wanne, wa kona wanane. Kloridi: kona 8 kwa thumuni, nyuso 6 kwa nusu, jumla 4. Sodiamu: kingo 12 kwa robo, na ule mzima wa katikati, jumla 4. Nne kwa nne!

Anayebisha akokotoe densiti, yaani gramu kwa kila sentimita ya ujazo. NaCl nne zina gramu 3.88 × 10⁻²², mchemraba una sentimita za ujazo 1.794 × 10⁻²². Gawanya: 2.16, densiti ya chumvi hasa. Mpangilio huu mwanafizikia William Lawrence Bragg aliugundua kwa eksirei mwaka 1913. Nobel ya 1915 aliipata pamoja na baba yake, akiwa na miaka 25.

Ukimaliza, fumua. Kwa sesiamu kloridi, chumvi nyingine yenye mpangilio tofauti, weka kloridi 8 kwenye kona na sesiamu moja katikati, iliyo kubwa karibu sawa nazo. Rudia hesabu ileile.